Mtu, Kitu na Mtumwa: Asili ya Neno Letu la Binadamu

Katika mikutano ya Chama, katika madarasa ya itikadi na katika hotuba za viongozi wetu, ni machache maneno yatumikayo mara nyingi kama neno "mtu" na wingi wake "watu". Tunasema maendeleo ya watu, heshima ya mtu, usawa wa watu, mali ya watu wote. Kwa kuwa neno hili tumelizoea tangu tungali watoto, ni wachache wanaojiuliza limetoka wapi. Na ni wachache zaidi wanaojiuliza ni nani hasa aliyehesabiwa kuwa mtu katika kila kipindi cha historia yetu. Makala hii inakusudia kuyachambua maswali hayo mawili kwa pamoja, kwa sababu lugha haielei hewani. Lugha ni zao la jamii inayofanya kazi, yenye watawala na watawaliwa, na neno moja laweza kubeba ndani yake alama za mapambano ya karne nyingi.

MZIZI NA VIAMBISHI VYAKE

Tuanze na neno lenyewe. Msukuma husema munhu na banhu. Mhaya na Mganda husema omuntu na abantu. Mmakonde husema munu na vanu, Mkikuyu mundu na andu, Mnyarwanda na Mrundi umuntu na abantu, Mshona munhu na vanhu, Mzulu umuntu na abantu. Huko Botswana Mtswana husema motho na batho, na kando ya mto Kongo msemaji wa Kilingala husema moto na bato. Kiswahili kimeidondosha sauti ya "n" iliyokuwa mbele ya "t", tukabaki na mtu na watu. Mtu yeyote akiyaweka maneno hayo pamoja huona mara moja kwamba hayakufanana kwa bahati. Yametokana na mzizi mmoja, -ntu, uliotumiwa na wasemaji wa lugha mama ya Kibantu walioishi karibu na mpaka wa sasa wa Nigeria na Kameruni, miaka kati ya 4,000 na 5,000 iliyopita. Wakulima na wavuvi hao walisambaa kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, mpaka wakafika pwani ya Bahari ya Hindi na kusini ya mbali ya bara letu. Neno lao la binadamu walikwenda nalo kama walivyokwenda na majembe na mbegu.

Lakini jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini ni hili: mzizi -ntu peke yake haumaanishi mtu. Kinyarwanda kinalionyesha jambo hilo kwa uwazi. Umuntu ni mtu, ikintu ni kitu, ahantu ni mahali, ubuntu ni utu. Mzizi ni ule ule. Kinachobadilika ni kiambishi. Sisi Waswahili neno la mahali tulilichukua kwa Waarabu, lakini mengine yamebaki kwetu: mtu, kitu, utu, jitu, kijitu. Kwa hiyo katika lugha yetu, kati ya kuwa mtu na kuwa kitu pana silabi moja tu. Waliosema kwamba mtu si kitu hawakuwa wakicheza na sauti. Walikuwa wakikana jambo lililowezekana, na ambalo, kama tutakavyoona, lilitendeka.

Hapo mwanafunzi wa lugha ataleta hoja. Atasema kwamba ngeli ya ki- na vi- inayo watu ndani yake: kipofu, kiziwi, kiwete, kijakazi, kibarua. Ni kweli, na si kwa bahati kwamba wengi wao ni wale ambao jamii iliwadharau au iliwatumikisha. Ndiyo maana siku hizi tunasema mlemavu, au mtu mwenye ulemavu, na asiyeona. Lakini hata katika maneno ya zamani lugha ilisita. Hatusemi "kipofu kimekuja". Twasema kipofu amekuja. Kitenzi kinamrudishia mtu nafasi ambayo jina limemnyima. Tena tusisahau kwamba katika ngeli hiyo hiyo yumo kijana, na yumo kiongozi, jambo ambalo si vibaya viongozi kulikumbuka mara kwa mara.

Wala tusiipambe jadi. Wako wanaoandika kana kwamba kabla ya kuja wageni kila Mwafrika alimwona kila binadamu kuwa mtu sawa naye. Historia haisemi hivyo. Mataifa mengi duniani yamejiita "watu" na kuwaacha majirani zao nje ya jina hilo. Wainuit wa nchi za barafu, jina lao maana yake ni watu. Wakhoekhoe wa kusini mwa Afrika, jina lao ni neno la "mtu" lililorudiwa mara mbili. Kizulu hulitumia neno umuntu kwa binadamu yeyote, lakini pia kwa Mwafrika peke yake, anapotofautishwa na umlungu, yaani Mzungu. Msemo wetu kwamba mtu ni watu ni msemo wa maana sana, lakini swali la kisiasa linabaki: watu gani? Wa ukoo? Wa kijiji? Wa dini moja? Mpaka wa neno hilo ulichorwa na mahusiano ya watu katika kazi na mali, nao ulisogezwa mbele na nyuma kadiri mahusiano hayo yalivyobadilika.

WANA WA ADAMU

Kwa upande wa pwani tulipata neno la pili. Binadamu ni Kiarabu, bani Adam, yaani wana wa Adamu. Katika Kiarabu bani ni wingi, lakini Waswahili waliliunganisha likawa neno moja lisilobadilika: binadamu mmoja, binadamu wote. Kisha wakalitafsiri nusu yake, wakapata mwanadamu. Adamu mwenyewe, kwa Kiebrania, anahusishwa na udongo wa ardhi, adama.

Neno hili lina kazi tofauti na "mtu". Hakuna asemaye "binadamu fulani amekuja kunidai". Mtu ana jina, ana deni, ana mlango wa kubisha. Binadamu ni jamii nzima. Kwa sababu hiyo neno binadamu lilifaa sana kwa mafundisho ya dini, ambayo yalisema kwamba sote asili yetu ni moja. Hilo lilikuwa fundisho kubwa, nalo lilivuka mipaka ya ukoo na kabila. Lakini fundisho peke yake halikuvunja mnyororo wa mtu yeyote. Mashamba ya mikarafuu yalipoenea Unguja na Pemba katika karne ya 19, mwenye shamba hakukana kwamba watumwa wake ni wana wa Adamu. Alisali nao. Kisha akawarudisha shambani.

MTUMWA, MUUNGWANA, MSHENZI

Hapa ndipo penye kiini cha suala letu. Neno mtumwa limetokana na kitenzi kutuma. Kitenzi hicho hicho kimezaa mtume na mtumishi. Mtume ametumwa na Mungu; mtumishi hutumikia, na katika nchi iliyo huru hutumikia umma; mtumwa hutumwa na bwana wake, wala hana ruhusa ya kukataa. Kwa hiyo lugha haikumwita mtumwa kitu. Ilimbakiza katika ngeli ya watu, na ikamtaja kwa kazi yake. Aliyemfanya kitu ni soko. Katika forodha ya Zanzibar ushuru wa mtumwa ulitozwa kwa kichwa, kama ushuru wa pembe za ndovu ulivyotozwa kwa frasila. Mrithi aligawiwa watumwa pamoja na minazi.

Na kama ilivyo kwa kila mfumo wa unyonyaji, utumwa ulijitengenezea ngazi ndani yake, na kila ngazi ikapewa jina. Mjinga alikuwa mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua lugha wala desturi za pwani. Mzalia alikuwa yule aliyezaliwa pwani, naye alijiona bora kuliko mjinga. Alikuwako mtwana, alikuwako kijakazi, alikuwako suria ambaye mtoto wake kwa bwana alikuwa huru. Na alikuwako kibarua: mtumwa aliyekodishwa kwa kazi ya siku mjini na bandarini, akapokea ujira, na sehemu ya ujira huo akampelekea bwana wake. Jina lake linatokana na barua ndogo, yaani kile kicheti cha kazi. Leo tunalitumia neno kibarua kwa mfanyakazi wa kutwa bila kukumbuka kwamba wa kwanza kuitwa hivyo hawakuwa na haki hata ya mshahara wao wenyewe.

Juu ya hao wote alikaa muungwana, mtu huru kwa kuzaliwa. Sifa za uungwana zilikuwa nyingi: adabu, mavazi, nyumba ya mawe, elimu ya dini, maneno laini. Lakini msingi wake ulikuwa mmoja, nao ni kwamba muungwana hakutumwa. Alikuwa na wa kumtuma. Tukiliondoa pazia la adabu tunaliona tabaka.

Neno hili lina kisa kinachofundisha kuliko maelezo mengi. Wapagazi na askari wa misafara iliyotoka Unguja na Bagamoyo kwenda bara, wengi wao wakiwa watumwa au waliowahi kuwa watumwa, walijiita waungwana walipofika mbali na pwani. Hapakuwa na mtu wa kuwakatalia. Walikuwa na nguo, walikuwa na bunduki, walijua Kiswahili. Huko Manyema, mashariki ya Kongo, katika siku za Tippu Tip, vijana waliotekwa waliingizwa katika misafara hiyo, na baada ya miaka michache nao waliitwa waungwana na kutumwa kuwateka wengine. Ndiyo maana Kiswahili cha sehemu zile kikaja kuitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana. Aliyenyimwa utu pwani aliutafuta bara kwa kumnyima mwenzake. Mtu mmoja mmoja alipanda ngazi, ila ngazi ilibaki pale pale.

Na chini ya ngazi hiyo aliwekwa mshenzi, mtu wa bara. Neno hili halikuwa na uhusiano na tabia ya mtu. Lilimaanisha asiye wa mji, asiye wa dini, anayeweza kutekwa. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 neno ustaarabu, ambalo ndani yake mna Uarabu, lilizidi kushika nafasi ya uungwana kama kipimo cha mtu aliyekamilika. Wakoloni Wazungu walipokuja hawakulitupa neno mshenzi. Walilikuta tayari, wakalitumia, na kipimo cha ustaarabu wakakihamisha kutoka Muskat kwenda Berlin na London.

Utumwa wenyewe ulikufa polepole kuliko vitabu vya shule vilivyokuwa vikitufundisha. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini hali ya utumwa haikufutwa kisheria Unguja na Pemba mpaka mwaka 1897, na hapo fidia alilipwa bwana kwa kupotelewa na mali yake. Mtumwa aliyepalilia mikarafuu maisha yake yote hakulipwa. Pwani ya Kenya ilikuwa mwaka 1907. Wajerumani, ambao walijisifu kwamba wamekuja kuukomesha utumwa, walitawala Tanganyika mpaka Vita Kuu ya Kwanza bila kuufuta. Ulifutwa mwaka 1922 chini ya Waingereza.

WATU KUWA "BANTU"

Ubeberu ulipata njia nyingine ya kumnyang'anya Mwafrika neno lake, nayo ilikuwa kumrudishia neno hilo likiwa jina la aina ya viumbe. Mtaalamu wa Kijerumani Wilhelm Bleek, aliyefanya kazi Natal na Cape Town, ndiye aliyeanza katika miaka ya 1850 kulitumia neno "Bantu" kwa jamii ya lugha zetu, na kitabu chake cha kulinganisha sarufi za lugha hizo kilianza kutolewa mwaka 1862. Kwa kazi ya lugha neno lilifaa, na mpaka leo wanaisimu wanalitumia. Hatuna ugomvi nao.

Ugomvi unaanza pale makaburu wa Afrika Kusini walipolichukua. Mwaka 1951 walitunga sheria ya mamlaka za Kibantu, mwaka 1953 sheria ya elimu ya Kibantu, mwaka 1959 sheria ya kile walichokiita serikali za Kibantu. Mwaka 1958 idara yao ya mambo ya wenyeji ilipewa jina la Bantu. Neno lenye maana ya "watu" likawa alama ya yule asiyeruhusiwa kupiga kura, asiyeruhusiwa kuingia mjini bila pasi, na ambaye mtoto wake alipangiwa elimu ya kumwandaa kwa utumishi wa mikono. Makaburu hata hawakujali sarufi: ba- tayari ni wingi, wao wakaongeza wingi wa Kiingereza juu yake na kusema "Bantus", kama mtu anayesema "mawatu". Watoto wa Soweto walipoandamana tarehe 16 Juni 1976 walikuwa wakiikataa elimu iliyobeba jina hilo pamoja na lugha ya kikaburu waliyolazimishwa kufundishwa nayo. Mwaka 1978 serikali ile ililiondoa neno Bantu katika jina la idara yake, sheria za ubaguzi zikabaki. Baadhi ya vijana waliokimbia walipitia Mazimbu, Morogoro, ambako ANC ilijenga shule ya Solomon Mahlangu katika ardhi iliyotolewa na Tanzania.

Wapo pia wageni walioonekana kuwa marafiki. Padri Mbelgiji Placide Tempels, aliyefanya kazi Katanga, alitoa mwaka 1945 kitabu kuhusu falsafa ya Kibantu. Alidai kwamba Mwafrika ana falsafa kamili, ambayo kiini chake ni nguvu ya uhai. Padri Alexis Kagame wa Rwanda alimfuata mwaka 1956 kwa uchambuzi makini zaidi uliojengwa juu ya mzizi -ntu. Kazi ya Kagame inastahili kusomwa. Lakini kuhusu kitabu cha Tempels, Aimé Césaire aliona mbali mwaka 1950: mkoloni hakusumbuliwa hata kidogo kuambiwa auheshimu utu wa Mwafrika katika falsafa, maadamu migodi, mashamba na mishahara havikuguswa. Katika Katanga ile ile shaba iliendelea kwenda Ulaya.

TANGANYIKA NA HESABU YA WATU

Kwetu Tanganyika suala la nani ni mtu lilijitokeza katika sanduku la kura. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 Waingereza walimlazimisha kila mpiga kura kuchagua wajumbe watatu, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8 na Wazungu wapatao 20,000, lakini kila rangi ilihesabiwa sawa na nyingine. Kwa hesabu hiyo Mzungu mmoja alikuwa mamia ya watu. Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, uliamua kuingia katika uchaguzi huo kwa uchungu ili kuuvunja kwa ndani. Na ulivunjika.

Kilichofuata hakizungumzwi vya kutosha. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, wapo wabunge waliotaka uraia wa nchi mpya utolewe kwa kufuata rangi. Mwalimu Nyerere aliwapinga vikali, akasema serikali yake itajiuzulu hoja hiyo ikishinda. Tuliosoma historia ya Manyema tunaelewa alikuwa akipinga nini: aliyeonewa jana kuichukua ngazi ile ile na kuipanda. Haikuwa bahati kwamba ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilihusu udugu wa binadamu wote, na kwamba Azimio la Arusha, Februari 1967, lilianza imani zake kwa usawa wa binadamu na heshima ya kila mtu, kisha likaingia mara moja katika suala la mali. Mpangilio huo una maana. Usawa wa wana wa Adamu ulihubiriwa pwani kwa karne nyingi bila kuligusa shamba. Azimio liligusa mabenki, viwanda na mashamba makubwa.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwenda hatua nyingine. Ulimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu, na wafanyakazi waliusoma kwa makini kuliko wakubwa wao walivyotarajia. Kati ya 1971 na 1973 viwanda vya Dar es Salaam vilipata migomo mingi. Ajabu kwa waliozoea kuhesabu kila mgomo kwa senti ni kwamba mara nyingi madai hayakuwa mshahara. Yalikuwa matusi ya mameneja. Watu wazima walikataa kutukanwa. Baadhi ya wakubwa walisema huo ni utovu wa nidhamu, na wako wafanyakazi waliofukuzwa kazi.

Tuseme kweli vile vile juu ya vijiji. Mwalimu alikuwa ameandika mwaka 1968 kwamba maendeleo ni ya watu wala si ya vitu, na kwamba watu hawaendelezwi bali hujiendeleza. Katika Kiswahili hoja hiyo ina nguvu ya pekee, kwa sababu watu na vitu ni mzizi mmoja. Lakini agizo la 1973, kwamba kila mtu awe anaishi kijijini ifikapo mwisho wa 1976, lilitekelezwa mahali pengine kwa malori na kwa kuchoma nyumba. Mkulima aliyepakiwa katika lori pamoja na vyungu vyake hakuhitaji darasa la sarufi ili ajue amewekwa katika ngeli gani.

Mambo haya hayakwisha na karne iliyopita. Kuanzia mwaka 2007 hivi nchi yetu iliona mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao viungo vyao viliuzwa kwa waganga na kwa watafuta mali. Jina walilokuwa wakiitwa, zeruzeru, lilikuwa limekwisha waandaa wengi kuamini kwamba hawa si watu kamili. Ni soko tena, na ni kichwa tena kilichotiwa bei.

Na katika lugha ya ofisi kuna neno jipya, rasilimali watu, lililotafsiriwa kutoka Kiingereza cha wenye makampuni. Ukiitazama orodha ya rasilimali za nchi utakuta madini, misitu, maji, mifugo, kisha watu. Lakini rasilimali huwa ina mwenyewe anayeipanga na kuitumia. Watu wakiwa rasilimali, mwenyewe ni nani? Neno hilo limeenea haraka. Aliyekuwa Afisa Utumishi sasa ni Afisa Rasilimali Watu, na vibao vya milango vimebadilishwa. Wafanyakazi wengi wa ngazi za chini hawajalizoea. Mwenye tatizo la likizo au malimbikizo ya mshahara ukimwuliza anakwenda wapi, bado atakujibu kwamba anakwenda utumishi.